Vitu vimejaa ndani, mfukoni hamna kitu? Namna ya kuuza mtandaoni ukiwa Tabora bila kupigwa

Friji mbovu iliyogeuzwa kabati la nguo. Sabufa iliyonyamaza tangu mwaka juzi. Baiskeli ya mtoto ambaye sasa yuko kidato cha tatu. Nyumba nyingi, kuanzia Isevya na Cheyo hadi Ng'ambo na Kiloleni, zina vitu vya aina hii, na kila kimoja ni hela iliyolala.

Simu janja unayosomea habari hii inatosha kuviuza. Tatizo ni kwamba ushauri mwingi unaosambaa mtandaoni unamfaa mtu wa Dar es Salaam, ambaye mteja wake anaweza kufika kwa bodaboda ndani ya nusu saa. Ukiwa Tabora, Nzega, Urambo au Sikonge, mchezo unabadilika. Soko ni dogo na miji mikubwa iko mbali. Mteja wa mbali anayeng'ang'ania kununua kochi lako bila hata kuliona, huenda si mteja kabisa.

Haya ndiyo mambo ya kujua kabla hujapiga picha ya kwanza.

1. Pima uzito kwanza

Tabora ni mji uliokuzwa na biashara ya mbali. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe, na mpagazi mmoja alibeba mzigo wa takriban kilo 30. Ndiyo maana bidhaa kuu za msafara zilikuwa zile zenye thamani kubwa kwa kila kilo: vitambaa, shanga na nyaya za shaba kuja bara, pembe za ndovu kwenda pwani.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na leo kuna mabasi ya kila siku. Lakini hesabu haijabadilika: usafiri unaweza kula bei yote.

Tuseme kabati lako ni 150,000 na mteja yuko Dar. Lori likichukua 60,000, wapakiaji na washushaji 20,000, unabaki na 70,000. Simu ya bei hiyohiyo, ikisafiri kama kifurushi cha basi kwa 10,000, inakuachia 140,000. Kwa hiyo gawa vitu vyako hivi:

• Vizito (kochi, kitanda, kabati, friji): uza ndani ya mji. Mteja aje na guta au kirikuu yake.

• Vya wastani (TV ya flati, feni, godoro, jiko la gesi, baiskeli): mjini na wilaya za jirani kama Uyui, Nzega, Igunga, Urambo na Sikonge. Mtungi wa gesi usiupakie kwenye basi la abiria.

• Vyepesi (simu, kompyuta mpakato, kamera, saa, nguo nzuri): hivi vinaweza kwenda hadi Mwanza, Dodoma au Dar na bado ukabaki na faida.

2. Jua mteja wako yuko wapi, na lini ana hela

Kitu kilekile kinaweza kukaa miezi mitatu bila kuulizwa, au kikaondoka siku moja. Tofauti ni wakati.

*Oktoba na Novemba:* vyuo vinafunguliwa. Wanafunzi wa AMUCTA, Chuo cha Ardhi na Chuo cha Utumishi wa Umma wanahamia mageto. Wanatafuta godoro, meza, kiti, ndoo, jiko dogo, pasi. Hawa hawahitaji kitu kipya, wanahitaji kitu cha bei nafuu leo.

*Katikati ya mwaka:* masoko ya tumbaku yanakuwa yamefunguliwa na malipo ya wakulima yanaanza kuingia. Ukiwa na pikipiki, TV, redio kubwa, paneli ya sola au baiskeli, huu ndio muda wako, hasa kwa wateja wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui.

*Januari:* kuwa makini. Ada, sare na madaftari vinabana kila mtu, hivyo wauzaji ni wengi na wanunuzi wachache. Kama unajua Januari itakubana, uza Novemba. Anayeuza friji jioni ili alipe ada asubuhi, hapangi bei, anapangiwa.

Pia kuna watumishi wanaohamishwa kituo. Walimu, manesi na askari wakipata uhamisho huuza vitu vya ndani kwa mkupuo, na wanaowapokea huanza kununua upya. Kundi la WhatsApp la watumishi mara nyingi linauza haraka kuliko tovuti yoyote.

3. Tangaza wapi?

Anzia karibu, kisha panua.

• Status ya WhatsApp: ni bure na wanaokuona wanakufahamu. Kwa mji kama Tabora, kufahamiana ndiyo dhamana yako.

• Makundi ya WhatsApp ya mtaa, kanisa, msikiti, kikoba au wazazi wa shule. Muombe admin kwanza, makundi mengine hayataki matangazo.

• Facebook Marketplace: hakikisha eneo limewekwa Tabora. Ukiacha Dar, utajibu "bado ipo?" za watu ambao hawatakuja kamwe.

• Jiji: hili ndilo jukwaa lililonunua biashara ya OLX nchini mwaka 2019. Lina watu wengi, ila wateja wake wengi wako miji mikubwa. Peleka huko vitu vyepesi.

Na usimdharau fundi. TV ya kichogo, friji isiyogandisha au sabufa iliyoungua haina mteja mtandaoni, lakini fundi wa mtaani anaweza kuinunua kama spea. Kilichobaki ni chuma chakavu, nacho kinauzwa kwa kilo.

4. Tangazo linalouza

Safisha kitu kwanza. Kisha piga picha nne mchana, karibu na mlango au dirisha: mbele, nyuma, ndani, na sehemu yenye kasoro. Ndiyo, kasoro. Mteja aliyeiona kwenye picha hawezi kuitumia kushusha bei akiwa tayari amefika mlangoni kwako.

Usiandike "friji kali sana bei poa njoo inbox". Andika hivi:

*"Nauza friji ya milango miwili. Imetumika miaka 3, inagandisha vizuri, haijawahi kufunguliwa na fundi. Mpini wa mlango wa chini umevunjika (angalia picha ya 4). Bei 280,000, maelewano yapo kidogo. Ipo Cheyo, Tabora mjini. Njoo uijaribu ikiwa imewashwa. Usafiri ni wa mnunuzi."*

Tangazo hilo limeshajibu maswali sita. Anayekupigia baada ya kulisoma tayari anataka kununua.

5. Bei: acha nafasi, lakini jua mwisho wako

Uliza dukani kitu kama hicho kikiwa kipya ni bei gani, kisha angalia wengine wanauzaje kilichotumika. Usipange bei kwa kukumbuka ulinunua kwa shilingi ngapi. Mnunuzi hanunui kumbukumbu zako.

Weka bei tatu kichwani: ya kutangaza, ya kufurahi, na ya mwisho. Hiyo ya mwisho usimtajie mtu, hata akuulize "bosi, mwisho bei gani?" mara kumi. Mwambie aje aone kwanza.

Kingine kinacholeta ugomvi ni hela ya kutolea. Kama analipa kwa simu, kubalianeni mapema: 280,000 pamoja na ya kutolea, au bila?

Na kabla ya yote, malizaneni nyumbani. Kitu cha familia kikiuzwa bila mwenza kujua, hela itaisha na maneno yatabaki.

6. Hapa ndipo watu wanapigwa

Wengi hudhani anayetapeliwa ni mnunuzi tu. Muuzaji naye yumo, na njia zenyewe zinajulikana:

SMS feki ya muamala. "Umepokea Tsh 280,000..." inaingia, mteja yuko mlangoni na bodaboda inanguruma. Usiamini ujumbe, amini salio. Piga menyu yako: M-Pesa \*150\*00#, Mixx by Yas \*150\*01#, Airtel Money \*150\*60#, HaloPesa \*150\*88#. Salio halijaongezeka? Kitu hakitoki, hata akisema mtandao unasumbua.

"Nimezidisha, nirudishie." Anadai ametuma 380,000 badala ya 280,000 na anataka laki irudi sasa hivi. Angalia salio. Kama kweli imezidi, piga huduma kwa wateja namba 100 muamala urekebishwe na kampuni. Usitume hela kwa namba nyingine utakayopewa.

"Nitumie hiyo code." Hakuna mnunuzi anayehitaji PIN yako wala tarakimu zilizoingia kwenye SMS yako. Ukimpa, anaondoka na WhatsApp yako, kisha anaanza kuwakopa ndugu zako kwa jina lako.

"Namtuma boda achukue, ikifika nalipa." Boda hajui chochote, na ikifika simu inazimwa.

"Lipia kwanza gharama ya gari, nitakurudishia." Muuzaji hatoi hela ili auze. Hapo maongezi yameisha.

Kwa anayekuja mwenyewe, kutana naye mchana na usiwe peke yako. Kitu kidogo kama simu, mkutanie mbele ya benki, ofisi ya serikali ya mtaa au karibu na kituo cha polisi. Akikataa sehemu zote hizo, jibu umeshapata.

7. Kutuma kifurushi kwa basi

Mwaka 1871, Livingstone alirudi Ujiji akiwa hoi na kukuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zimeshauzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Mwaka uliofuata alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, takriban miezi mitano akisubiri wapagazi na mizigo mingine. Tembe aliloishi bado lipo, ni makumbusho. Mzigo wa njia hii umekuwa ukipotelea mikononi mwa mtu wa kati tangu zamani.

Kwa hiyo usimkabidhi konda kifurushi kwa mdomo. Nenda ofisi ya vifurushi ya basi, andikisha kilichomo na thamani yake, chukua risiti, na uipige picha. Piga picha kifurushi kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa. Andika jina na namba ya mpokeaji juu yake.

Na nani aanze, hela au mzigo? Njia yenye amani ni kutumia mtu aliye upande wa pili. Ndugu wa mnunuzi aliye Tabora aje akague na alipe hapa, au ndugu yako aliye Dar apokee kifurushi na akikabidhi hela ikishaingia. Kama hakuna hata mmoja, muuzie wa Tabora kwa bei ya chini kidogo.

8. Simu na kompyuta: futa kabla hujauza

Toa laini na kadi ya kumbukumbu. Hamisha picha zako. Ondoa akaunti ya Google au iCloud *kwanza*, ndipo urudishe simu kwenye mipangilio ya kiwandani. Ukiruka hatua hiyo, simu itamfungia mnunuzi na atarudi kwako amefura.

Laini usiiuze wala kuigawa. Imesajiliwa kwa alama za vidole vyako, na uhalifu utakaofanywa nayo utaanzia mlangoni kwako. Piga \*106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Mnunuzi naye ana haki ya kukagua: \*#06# inaonyesha IMEI, na kuituma kwa SMS kwenda 15090 kunaonyesha kama taarifa za simu hiyo ni halali. Kama ulinunua simu yako mkononi bila risiti, fikiri mara mbili kabla ya kuiuza. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai.

9. Andikishaneni, hata kama ni rafiki

Karatasi moja inatosha: majina mawili, namba za simu, tarehe, kitu chenyewe na namba yake ya kiwandani, bei, hali yake, sahihi, na shahidi mmoja kila upande. Kila mtu abaki na nakala au picha yake.

Kwa pikipiki, karatasi hiyo haitoshi. Hamisheni umiliki TRA. Ikigonga mtu ikiwa bado kwa jina lako, wewe ndiye utakayeanza kutafutwa.

Na ukiona biashara imekunogea, ukaanza kununua vitu vya wengine ili uuze, hapo umetoka kwenye kupunguza vitu vya ndani. Wewe ni mfanyabiashara. Pita TRA na manispaa uulize unatakiwa kuwa na nini.

10. Ukipigwa, fanya haya siku hiyohiyo

• Piga 100, waombe wazuie hela kama bado haijatolewa.

• Tuma namba ya tapeli kwenda 15040.

• Usifute maongezi. Piga picha ya skrini ya kila kitu: namba, tangazo, SMS, risiti ya basi.

• Nenda polisi na ushahidi huo, chukua RB. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakulinda hata kama kilichouzwa ni feni ya elfu thelathini.

• Rudi kwenye kundi ulilotangazia, uwaambie wenzako namba iliyotumika. Leo jioni kuna mwingine anaandikiwa "bado ipo?" na namba hiyohiyo.