Historia Fupi ya Lugha ya Kuhoji Seva

1. Utangulizi

Lugha za kompyuta kwa kawaida huchunguzwa kwa upande wa amri: mtu huandika, mtambo hutenda. Upande wa pili, yaani upande wa kuuliza, umeachwa mikononi mwa mafundi, ingawa ndio uliokumbwa na matatizo ambayo mwanaisimu yeyote angeyatambua mara moja. Matatizo hayo ni majina yasiyolingana, lahaja zinazoshindana, jibu lililokusudiwa msikilizaji mmoja likipokewa na mwingine, na kauli isiyobainisha kama inaeleza jambo lililopo au jambo linalotakiwa liwepo.

Makala haya yanafuatilia historia ya upande huo. Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine, na vigezo vyake ni thamani zinazoamua namna inavyoendeshwa: jina na anwani yake, kiasi cha kumbukumbu kilichotengewa programu fulani, milango iliyo wazi na iliyofungwa, watumiaji wanaoruhusiwa kuingia. Seva ikiwa moja, msimamizi huweza kuvisoma vigezo hivyo kwa macho yake. Zikiwa elfu, hana budi kuandika skripti, yaani programu fupi, iviulize kwa niaba yake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maendeleo katika kazi hiyo yalitokana na makubaliano kuhusu lugha zaidi kuliko yalivyotokana na kasi ya mitambo.

2. Maandishi yaliyokusudiwa macho

Mfumo wa Unix, ulioanza kutungwa katika maabara ya Bell nchini Marekani mwaka 1969, ulijenga desturi ya kuhifadhi vigezo katika majalada ya maandishi ya kawaida. Desturi hiyo ilikuwa na heri yake, kwani kila aliyejua kusoma aliweza kuyafungua na kuelewa. Mitambo ya mitandao iliyofuata iliiga mtindo uo huo. Msimamizi aliandika neno la amri, mtambo ukamjibu kwa jedwali lenye vichwa vya safu na maneno ya Kiingereza.

Jibu la namna hiyo lilitungwa kwa ajili ya macho ya binadamu. Binadamu akiona safu imesogea kidogo, au neno moja limebadilishwa na kisawe chake, hatatiziki. Skripti haina busara hiyo. Iliyoagizwa kusoma neno la nne katika mstari wa pili italisoma neno la nne hata kama maana imehamia kwenye la tano. Mtengenezaji alipotoa toleo jipya la programu yake na kurekebisha maneno ya jibu, skripti za wateja wake ziliharibika pasipo kelele. Hasara kubwa ilikuwa katika ukimya huo. Skripti iliyokosa ilichokitafuta mara nyingi ilirudi mikono mitupu, na msimamizi akadhani kuwa hapakuwa na la kuripoti.

Zana zilizobuniwa kuikabili hali hiyo zina historia inayowagusa wasomi wa lugha za Kiafrika. Lugha ya Perl, iliyotolewa Desemba 1987, ilipata sifa hasa kwa uwezo wake wa kuchambua maandishi na kutoa taarifa. Mtungaji wake, Larry Wall, alisomea isimu pamoja na mkewe wakikusudia kutafuta lugha isiyo na maandishi, pengine barani Afrika, waitungie mfumo wa maandishi. Sababu za afya zilivunja safari hiyo. Mnamo 1990 Don Libes, aliyekuwa katika taasisi ya viwango ya Marekani, alitangaza zana ya Expect, ambayo huigiza binadamu aliyeketi mbele ya mtambo: husubiri swali, hujibu, husubiri tena. Zana zote mbili zilikuwa za werevu mkubwa, lakini zote zilikubali msingi uleule mbovu, yaani kumsikiliza mtu anayezungumza na mwingine.

3. Majina yenye nasaba

Njia tofauti ilianza kufunguliwa baada ya mtandao wa ARPANET kuhamia itifaki za TCP/IP tarehe 1 Januari 1983. Mitandao iliongezeka na mitambo ya watengenezaji mbalimbali ikalazimika kuishi pamoja. Mwaka 1988 bodi iliyosimamia masuala ya intaneti iliamua kwamba itifaki nyepesi, SNMP, itumike kwa muda, huku ikingojewa itifaki nzito ya CMIP iliyokuwa ikitayarishwa katika mfumo wa shirika la kimataifa la viwango. Waraka wa kwanza wa SNMP ulitoka Agosti 1988. Kilichokusudiwa kuwa cha muda ndicho kilichodumu.

SNMP ilileta jambo lililokuwa geni kwa mafundi wengi: kila kigezo kilipewa jina moja lisilotegemea mtengenezaji, na jina hilo lilitungwa kwa nasaba. Mfano ni kigezo cha jina la mtambo, ambacho huitwa 1.3.6.1.2.1.1.5. Tarakimu ya kwanza hutaja shirika la viwango, zinazofuata hushuka kupitia Wizara ya Ulinzi ya Marekani hadi intaneti, kisha tawi la usimamizi, kisha kundi la mfumo, na mwisho kigezo chenyewe. Ni kama mtu anayetajwa pamoja na baba, babu na ukoo wake: hata akiwa na wajina kumi mjini, hachanganywi nao.

Maswali yenyewe yalikuwa machache. Mwulizaji aliweza kuomba thamani ya jina analolijua, au kuomba jina linalofuata baada ya hilo. Ombi la pili lilikuwa na manufaa makubwa, kwa kuwa skripti iliweza kuutembea mti wote, tawi kwa tawi, bila kujua mapema kilichomo. Walioandaa orodha ya kwanza ya majina walijiwekea kikomo cha majina takribani 100, ili mtengenezaji asipate kisingizio cha kuikataa kwa ugumu wake.

4. Lahaja za watengenezaji

Uchache huo uliirahisishia itifaki kazi ya kukubalika, lakini ulizaa tatizo jingine. Mti ulitengewa tawi la binafsi, na kila kampuni iliruhusiwa kuotesha hapo majina yake. Vigezo vya kawaida vikabaki katika lugha sanifu, na vile vilivyotofautisha mtambo mmoja na mwingine, ambavyo mara nyingi ndivyo msimamizi alivyovihitaji zaidi, vikaingia katika lahaja za kampuni. Skripti iliyohoji mitambo ya watengenezaji watatu ilipaswa kujua lugha sanifu moja na lahaja tatu.

Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuisoma habari hii bila kukumbuka historia ya usanifishaji wa Kiswahili. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaendesha kazi hiyo. Katika mambo yote mawili usanifishaji uliwezesha mawasiliano mapana. Tofauti ni kwamba wazungumzaji wa Kimvita au Kiamu hawakuhifadhiwa tawi lao rasmi, ilhali kampuni zilihifadhiwa.

Kulikuwapo pia kasoro ya usalama. Katika matoleo ya awali, ruhusa ya kuuliza ilitegemea neno la siri lililosafirishwa bila kufichwa, na katika mitambo mingi neno hilo liliachwa kama lilivyotoka kiwandani, yaani «public». Vigezo vya seva si siri ndogo, kwani anayevijua anajua mlango upi haukufungwa. Kwa hiyo wasimamizi wengi waliitumia SNMP kusoma hesabu za kawaida tu, wakakataa kuitumia kubadili chochote. Toleo la 3, lililotibu kasoro hiyo, lilifikia daraja la kiwango kamili mnamo Desemba 2002.

5. Ufungwe na umefungwa

Tarehe 4 hadi 6 Juni 2002, watungaji wa itifaki na wasimamizi wa mitandao walikutana Reston, jimbo la Virginia. Taarifa ya mkutano huo, iliyotolewa 2003, inastahili kusomwa na wanaisimu. Wasimamizi walieleza kwamba bado walitegemea amri za maandishi na skripti, kwamba amri hizo hazikuwa na mfumo wa pamoja wa maana, na kwamba zilibadilika ovyo. Walidai pia kwamba pawe na mpaka dhahiri kati ya vigezo vilivyowekwa, hali ya mtambo ilivyo, na hesabu za takwimu, na kwamba kila kimoja kiweze kuombwa peke yake.

Uzito wa dai hilo huonekana vizuri zaidi kwa Kiswahili. «Mlango ufungwe» na «mlango umefungwa» ni kauli mbili ambazo hata mtoto hazichanganyi. Ya kwanza ni matakwa, ya pili ni habari. Majibu ya mitambo, yakiwa na neno moja tu la Kiingereza lenye maana ya kufungwa, yaliziunganisha. Msimamizi aliyesoma matakwa akidhani ni habari alilala usingizi huku mlango u wazi.

Itifaki ya NETCONF, iliyotoka Desemba 2006, ililijibu dai hilo kwa kutenga maombi mawili: moja la vigezo vilivyowekwa peke yake, na jingine linalochukua vigezo pamoja na hali. Lugha ya YANG ya mwaka 2010 iliwezesha kuandika rasmi kipi ni cha kuwekwa na kipi ni cha kusomwa tu. Mwaka 2018 waraka mwingine ulizitofautisha waziwazi hazina ya makusudio na hazina ya hali tendaji. Ilichukua miaka 30 tangu SNMP kuikamilisha tofauti ambayo kiambishi kimoja cha mwisho wa kitenzi huibeba.

6. Zana za usimamizi na ushahidi wa kupokewa

Sambamba na itifaki hizo, upande wa seva ulikuwa na historia yake. Mwaka 1993 Mark Burgess, mwanafizikia katika Chuo Kikuu cha Oslo, alitoa CFEngine baada ya kuchoshwa na skripti zilizotofautiana kwa kila aina ya Unix. Mtumiaji wa zana hiyo huandika hali anayoitaka, nayo huielekeza seva hadi ifikie hali hiyo. Puppet ya Luke Kanies ilifuata 2005, na Chef mwaka 2009. Katika zana hizi habari za seva zote hukusanywa mahali pamoja, na skripti huzipata kupitia kiolesura cha programu: hutuma ombi kwa itifaki ileile ya kurasa za wavuti, hujitambulisha kwa hati, kisha hupokea jibu katika muundo ambao kila thamani imeandikwa pamoja na jina lake. Safu zikisogea au mpangilio ukibadilika, jina hubaki.

Hata hivyo swali jipya lilizuka, nalo ni la ushahidi. Katika Puppet, wakala aliye ndani ya seva kwa kawaida huripoti kila baada ya dakika 30, na ripoti huwekwa katika hazina. Skripti inayoihoji hazina haizungumzi na seva bali na mpokezi wa habari zake. Seva ikizimika, habari zake za mwisho huendelea kusomeka hadi muda uliowekwa upite. Kwa hiyo skripti iliyoandikwa kwa uangalifu huomba vitu viwili daima: thamani, na wakati ilipopokewa. Wapokezi wa hadithi na wanahistoria wa masimulizi waliijua kanuni hiyo zamani: habari haitimii mpaka aliyeisimulia na wakati wake vijulikane.

7. Hitimisho

Historia hii ina funzo kwa kazi ya istilahi za Kiswahili. Mjadala umeelemea sana uchaguzi wa neno moja moja, kama vile kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Lakini mafundi wa seva hawakukwama kwa kukosa maneno. Walikwama kwa sababu maneno waliyokuwa nayo hayakuonyesha ukoo wake, hayakutenga matakwa na habari, na hayakutaja wakati. Mfasiri wa programu anayekabidhiwa orodha ya maneno yaliyokatwa kutoka mahali pake huletewa neno la Kiingereza lenye maana ya kufungwa, akatakiwa kuchagua kati ya funga, ufungwe, unafungwa na umefungwa bila kuambiwa ni lipi. Akikosea, kosa lake halitakuwa la ufasaha tu, kwa maana yupo atakayeusoma mlango ulioagizwa kufungwa kuwa umekwisha kufungwa.

Yafaa basi orodha za istilahi zitolewe pamoja na nasaba ya kila neno: limo katika kundi gani, linaeleza kusudio au hali, na nani analitamka. Kiswahili kina sarufi inayozibeba tofauti hizo bila taabu. Kilichobaki ni watunga istilahi kudai wapewe habari hizo kabla ya kuanza kazi, kama wasimamizi walivyodai Reston.