Safu ya Lugha: Si kila mashine ni roboti
Katika karakana za mtaa wa Riruta Satellite nasikia kila mashine inayojiendesha ikiitwa roboti. Sikubali. Mashine ya kukata bati kwa kufuata mchoro wa kompyuta ni mtambo wa kujiendesha tu. Roboti hupangiwa kazi upya: leo mkono wake unachomelea, kesho unapanga maboksi. Jina “roboti” lilitoka katika tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R., ya mwaka 1920; kwa Kicheki robota ni kazi ya shokoa. Nayo roboti iliyoundwa kufanya kazi bega kwa bega na fundi, na kusimama inapomgusa, ni roboti shirikishi. Wengine huandika “roboti msaidizi”. Hilo halisemi chochote, maana hata bisibisi humsaidia fundi. Wahariri, tafadhali tenganisheni majina haya.