Jina "Kitaita" katika Vifurushi vya Programu Huria: Kutoka Sagalla 1883 hadi Ghala la Debian

Mji wa Voi umekaa chini ya Mlima Sagalla, mahali ambapo reli ya Uganda ilipita katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na ambapo mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilianzwa njia ya pili kuelekea Maktau na Taveta. Tangu hapo Voi umekuwa mji wa kupokea mizigo na kuipitisha. Katika karne hii mzigo mwingine umeongezeka, ambao hauna mpagazi wala stakabadhi. Baada ya nyaya za mawasiliano za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, programu za kompyuta zilianza kuletwa bara kwa wingi na kwa wepesi usiokuwako kabla. Makala haya yanachunguza sehemu moja ndogo ya mzigo huo, nayo ni lugha za Taita zilizomo, na zisizomo, ndani ya vifurushi vya programu huria.

Yafaa kueleza kwanza maana ya istilahi. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuugawa. Kifurushi ni programu iliyofungwa pamoja na lebo yake, na lebo hiyo hutaja jina, toleo, mtunzaji, na vifurushi vingine ambavyo programu haiwezi kufanya kazi bila ya kuwa navyo. Vifurushi hivi vya pili huitwa hapa vitegemezi. Msimamizi wa vifurushi naye ni programu ambayo kazi yake ni kusoma lebo hizo, kuleta ghalani kilichoombwa, na kuleta pia vitegemezi vyake vyote, hata kama mwombaji hajapata kuvisikia. Jambo hili la mwisho ndilo la kushikwa na msomaji, kwa sababu lugha nyingi huingia katika kompyuta kwa mlango huo wa utegemezi, wala si kwa kuombwa.

Mfano mkubwa wa utaratibu huu ni Debian, mradi uliotangazwa tarehe 16 Agosti 1993 na Ian Murdock, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani. Chombo chake cha kufungulia vifurushi, dpkg, kilianza mwaka 1994. Kwa miaka kadhaa mtumiaji alilazimika kutafuta vitegemezi mwenyewe, kimoja baada ya kingine, na mara nyingi alikwama njiani. APT, iliyotolewa pamoja na Debian 2.1 mwezi Machi 1999, ndiyo iliyoondoa taabu hiyo. Lakini kwa mwanaisimu kinachovutia zaidi ni jumuiya yenyewe. Ni watu wa kujitolea, waliotawanyika duniani, wenye Mkataba wa Kijamii wa mwaka 1997 na katiba ya mwaka 1998, na humchagua kiongozi wao kwa kura kila mwaka. Kila kifurushi kina mtunzaji ambaye jina lake limeandikwa juu ya lebo, iwe ni mtu mmoja au kikundi. Makosa huripotiwa hadharani na kupewa namba, maana Mkataba huo unawakataza kuficha kasoro. Ni taasisi chache za lugha katika Afrika ya Mashariki ambazo zimewahi kujifunga kwa sharti kama hilo mbele ya wasomaji wa kamusi zao.

Mwezi Oktoba 2004 ilitoka Ubuntu, iliyoasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini na kujengwa juu ya vifurushi vya Debian. Jina lake ni neno la Kibantu lenye shina moja na *utu* wa Kiswahili, jambo ambalo mwalimu wa ngeli anaweza kulitumia darasani bila ya kueleza mengi. Hadi mwaka 2011 waasisi wake waliwapelekea waombaji sahani za programu hiyo kwa posta, bila malipo. Mwaka huohuo wa 2004, mwezi Desemba, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili kiliingia katika programu huria kwa mlango wa mbele, kikiwa na chuo kikuu nyuma yake na mjadala wa istilahi mbele yake.

Kitaita kiliingia kwa njia nyingine. Shirika la Unicode hutunza hazina ya taarifa za lugha iitwayo CLDR: majina ya siku, miezi, lugha na nchi, pamoja na namna ya kuandika tarehe na fedha. Mwaka 2010, kutokana na juhudi za kuzijanibisha lugha za Afrika zilizofadhiliwa na shirika la IDRC la Kanada, lugha nyingi za Kenya na Tanzania ziliongezwa humo, miongoni mwake Kikamba, Kimeru, Kiembu, Kichasu na Kitaita. Kutoka CLDR taarifa huchukuliwa na ICU, maktaba ya programu inayotegemewa na programu nyingine nyingi, na katika Debian maktaba hiyo ni kifurushi kiitwacho libicu. Basi mtu wa Voi anayeleta programu inayokitegemea kifurushi hicho huwa ameleta pia siku saba za Kitaita, ajue asijue.

Siku zenyewe ni hizi. Jumatatu ni *Kuramuka jimweri*, Jumanne *Kuramuka kawi*, Jumatano *Kuramuka kadadu*, Alhamisi *Kuramuka kana*, Ijumaa *Kuramuka kasanu*. Jumamosi ni *Kifula nguwo*, ambamo sikio la Mswahili husikia mara moja kufua nguo, na Jumapili ni *Ituku ja jumwa*. Hesabu hii inaanzia Jumatatu, ilhali ya Kiswahili inaanzia Jumamosi. Matokeo yake ni kwamba namba za lugha hizi mbili jirani hupishana kwa siku mbili: *kasanu* ni Ijumaa, lakini *Jumatano* ni siku ya tatu baada ya Jumapili. Mfasiri anayedhani kwamba lugha za Kibantu za pwani na bara yake hufasirika namba kwa namba atampeleka mtu barazani siku mbili kabla ya shauri lake. Ni dhahiri kwamba aliyeyaandika majina haya hakuyatoa katika Kiswahili, aliijua lugha. Miezi pia ni ya Kidawida: *Mori ghwa imbiri*, *Mori ghwa kawi*, na kuendelea hadi kumi na mbili.

Palipobaki, hata hivyo, Kiswahili kimejaza. Majina ya lugha za dunia katika faili hilo ni ya umbo la Kiswahili, *Kiarabu*, *Kifaransa* na mengineyo, na enzi ni *Kabla ya Kristo* na *Baada ya Kristo*. Hata jina la lugha yenyewe limeandikwa *Kitaita*, ingawa wasemaji wa lugha hii ya siku na miezi huiita Kidawida.

Hapo ndipo historia inapodai nafasi yake, kwa sababu jina hilo lilikwisha kutumiwa kwa lugha nyingine. J. A. Wray wa Church Missionary Society alifika Sagalla mwaka 1883, na mwaka 1894 kikachapishwa London kitabu chake cha utangulizi wa lugha aliyoiita ya Taita. Wray alikaa Sagalla, na lugha aliyojifunza ni ya mlima huo. Hivyo "Taita" ya kitabu cha 1894 ni Kisagalla, na "Kitaita" ya hazina ya 2010 ni Kidawida. Guthrie aliziweka zote mbili chini ya E.74, ya kwanza b na ya pili a, na Kitaveta akakipeleka mbali kabisa, G.21, karibu na Kichasu. Orodha ya kimataifa ya ISO 639-3 ya mwaka 2007 ilizitenganisha waziwazi: *dav* kwa Kidawida (nayo inakiita Taita), *tga* kwa Kisagalla, *tvs* kwa Kitaveta. Orodha hiyo nayo imo katika Debian, ndani ya kifurushi kiitwacho iso-codes.

Hali iliyopo basi ni ya kushangaza kidogo. Lugha ya mlima unaoutazama mji wa Voi, ambayo ilipata kitabu zaidi ya miaka 100 kabla ya hazina hiyo kuundwa, haina humo siku hata moja. Ina alama ya herufi tatu tu. Kitaveta hali kadhalika. Isidhaniwe kwamba jumuiya ya programu iliwanyima. Ghala hupokea kilicholetwa, na hakuna aliyeleta.

Njia ya kuleta inajulikana. Pendekezo hupelekwa CLDR, ambako hupigiwa kura, matoleo yake hutoka mara mbili kwa mwaka, ICU huyachukua, watunzaji wa Debian hufunga toleo jipya la libicu, na toleo thabiti la Debian hutoka takriban kila miaka 2. Marekebisho ya jina *Kitaita* yakikubaliwa leo yanaweza kuchukua miaka kadhaa kufika katika kompyuta ya ofisi ya Voi, na wakati huo wote jina la zamani litaendelea kuonekana. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016, kiko karibu na wasemaji wa lugha zote tatu. Mahitaji ya awali ya Kisagalla na Kitaveta si makubwa: orodha ya herufi zinazotumika, majina ya siku 7 na ya miezi 12, namna ya kuandika tarehe, na jina la lugha kama wenyewe wanavyolitamka.