Baraza

Baraza ni benchi la mawe na chokaa lililojengwa pamoja na ukuta wa mbele wa nyumba, kama tunavyoliona Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Hapo mgeni hupokelewa bila kuingia ndani, wazee hucheza bao, habari hupishana na kahawa. Masika yakijaza maji vichochoroni, wapita njia hupanda juu yake wakavuka. Neno hilohilo tumeupa mkutano wa watu na chombo cha uamuzi: baraza la chifu, Baraza la Mawaziri, Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967. Baraza dogo la nyumba ni kibaraza.

Siku hizi wasanifu majengo husifu jengo linalotunza mazingira na kuinufaisha jamii. Baraza lilikwisha kuyakutanisha hayo: mawe ya matumbawe, kivuli cha ukuta, na kiti kisicho na kiingilio. Nyumba zetu mpya zina geti, ukuta mrefu na seng'enge. Anayechora ramani angeuliza mapema: jirani atakaa wapi?