Daftari la Daktari Bryce

Kila zinapotajwa shule za bweni za Wazawa wa Kanada, utetezi ni uleule: watoto waliuawa na kifua kikuu, kifua kikuu hakikuwa na dawa, basi asilaumiwe mtu. Wanaousema sidhani kama wamewahi kukifungua kijitabu kilichochapishwa Ottawa mwaka 1922, ambacho kwa Kiswahili kingeitwa Kisa cha Jinai ya Taifa. Mwandishi wake, Peter Henderson Bryce, hakuwa mwanaharakati wala adui wa serikali. Alikuwa daktari wa serikali hiyohiyo, aliyestaafishwa mwaka mmoja kabla.

Shule zenyewe zinajulikana. Watoto zaidi ya 150,000 wa Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis walipitia humo, serikali ikilipa na makanisa yakiendesha. Lisilosemwa sana ni namna malipo yalivyopangwa. Kuanzia 1892 shule zilipewa fedha kwa hesabu ya vichwa. Kitanda kitupu kilikuwa hasara, kwa hiyo mkuu wa shule alikuwa na sababu ya kumpokea hata mtoto anayekohoa, akamlaza ubavuni mwa mzima.

Bryce aliteuliwa mganga mkuu wa idara iliyosimamia Wazawa mwaka 1904. Mwaka 1907 alizunguka shule 35 za Manitoba, Saskatchewan na Alberta. Alikuta mabweni ambayo madirisha yake yalifungwa kabisa majira ya baridi ili kuokoa kuni na makaa, na watoto wakivuta hewa ileile chafu usiku kucha, miezi 7 kwa mwaka. Akawaandikia wakuu wa shule: wanafunzi wenu wa zamani wako wapi? Waliojibu ni 15 tu. Katika wanafunzi 1,537 waliotajwa, karibu robo walikuwa wamekufa. Shule moja, ambayo Bryce aliiona imetunza kumbukumbu barabara, ilionyesha asilimia 69.

Hapo ndipo ningependa msomaji atue. Penye daftari zuri, vifo vilizidi. Ile robo inayonukuliwa kila mahali ni kiwango cha chini, kile ambacho wakuu wa shule walikuwa tayari kukiandika. Na gazeti la Ottawa lililitangaza jambo hilo mwaka huohuo wa 1907, kwa hiyo hakuna aliyefichwa. Kilichofichwa ni mapendekezo ya Bryce, ambayo hayakuchapishwa pamoja na ripoti.

Mwaka 1909 aliwapima watoto 243 katika shule za kusini mwa Alberta, akakuta dalili za kifua kikuu kwa watoto wa kila umri. Alitaka nini? Hakuomba miujiza. Aliomba hewa safi, chakula cha kutosha, wauguzi, wagonjwa watengwe, na serikali iziondoe shule mikononi mwa makanisa. Ndiyo tiba ya zama zile, na Kanada ilikuwa nayo: huko Gravenhurst, Ontario, wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa na hospitali yao tangu 1897. Dawa ya streptomaisini iligunduliwa 1943, kweli. Lakini dirisha halikuhitaji kungoja 1943 ili lifunguliwe.

Aliyempinga ni Duncan Campbell Scott, mtu wa hesabu za fedha katika idara hiyohiyo, aliyeiona mipango ya Bryce kuwa ghali. Mkataba wa 1910 kati ya serikali na makanisa uliongeza ruzuku na kuweka masharti ya afya, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja, bei zikapanda, ruzuku ikabaki nyuma. Ripoti za Bryce zilisitishwa. Scott, ambaye mwaka 1913 alikuwa amekwisha kuwa mtendaji mkuu wa idara, aliandika mwenyewe katika makala iliyochapishwa 1914 kwamba nusu ya watoto waliopita shule hizo hawakuishi kufaidi elimu yao. Mwaka 1920, chini yake, sheria ikawalazimisha wazazi kuwapeleka. Bryce alilinganisha bajeti: kwa kifua kikuu peke yake jiji la Ottawa lilitumia dola 33,364.70 mwaka 1919. Wazawa wa nchi nzima, idadi yao ikikaribiana na ya jiji hilo, walitengewa dola 10,000.

Simfanyi Bryce mtakatifu. Alitaka shule ziboreshwe ziwe kama hospitali. Kuwarudisha watoto kwa mama zao hakukuwamo katika mpango wake. Hata hivyo alihesabu wafu wakati wenzake walikuwa wanahesabu vitanda.

Waliomfuata walipima mengine. Kati ya 1948 na 1952, katika shule sita, watoto wapatao 1,000 wenye lishe duni walitumiwa katika majaribio ya lishe. Huko Alberni, mojawapo ya shule hizo, walipewa maziwa chini ya nusu ya kiasi kilichopendekezwa kwa miaka miwili, ili wapatikane wa kulinganisha nao baadaye. Huduma za meno nazo zilizuiwa, maana hali ya ufizi ilikuwa kipimo cha lishe. Wazazi hawakuulizwa.

Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyochunguza shule hizo, ilipomaliza kazi mwaka 2015, ilikuwa imethibitisha vifo vipatavyo 3,200. Karibu theluthi moja havikuwa na jina la mtoto, na takriban nusu havikuandikiwa sababu. Wale waliorudishwa nyumbani wakikohoa damu, wakafia mikononi mwa mama zao, wengi hawamo hata katika hesabu hiyo.