Virefusha minyororo (plastiki)
Virefusha minyororo ni kemikali zinazochanganywa na polyesta ya PET iliyorejelezwa ili kuirudishia uimara. PET, iliyovumbuliwa Uingereza mwaka 1941, ndiyo plastiki ya chupa za maji na soda.   Katika urejelezaji chupa husagwa na kuoshwa: vipande vya PET huzama majini, vya vifuniko huelea. Vipande vya PET vikiyeyushwa kwa nyuzijoto 260 hivi za Selsiasi, unyevu uliobaki hukata minyororo ya molekuli. Hivyo hukaushwa kwanza, kisha huongezwa virefusha minyororo kama dianhidridi ya piromeliti au epoksi, zinazounga ncha zilizokatika. Kipimo kikizidi, plastiki hufanya madonge ya jeli.