Picha kongwe za watu wa Ziwa: Jinsi ya kuzitambua, kuzisoma na kuzihifadhi

Kwa zaidi ya karne moja, sura za wakazi wa ufuo wa Ziwa Victoria zimelala katika makabati ya watu wasiozijua. Michoro inayoonyesha wavuvi, wazee wa boma, maharusi na waombolezaji wa Nyanza ilichapishwa London, ikauzwa Ulaya na Marekani, kisha ikafungiwa katika maktaba na maduka ya vitu vya kale. Wajukuu na vitukuu vya waliochorwa, wanaoishi Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia na kwingineko, aghalabu hawajawahi kuiona.

Katika miaka ya karibuni, kuenea kwa intaneti kumerahisisha mno kuzisaka picha hizi na kuzinunua. Hata hivyo, urahisi huo umeleta mitego yake. Anayenunua bila ujuzi anaweza kuuziwa nakala ya juzi kwa bei ya kitu cha kale. Baya zaidi, anaweza kuirejesha nyumbani picha iliyoambatana na uwongo kuhusu watu wake mwenyewe.

Picha ya chapa ni nini?

Picha ya chapa ni ile iliyopigwa karatasini kutokana na kibao cha mbao, bamba la shaba au chuma, au jiwe lililoandaliwa kwa kazi hiyo, hivi kwamba nakala nyingi zinaweza kutolewa. Ni tofauti na mchoro wa mkono, ambao ni mmoja tu, na pia ni tofauti na fotografia iliyosafishwa kwa dawa.

Kabla ya magazeti kuweza kuchapisha fotografia moja kwa moja, mhariri alimkabidhi fundi mchoro wa msafiri au fotografia yake. Fundi aliuchonga upya mbaoni, na kibao hicho ndicho kilichotiwa wino. Kwa hivyo, kati ya aliyeuona ufuo wa Ziwa na msomaji wa London, palikuwa na mkono wa mtu wa tatu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Ni muhimu mkusanyaji alikumbuke jambo hilo kila anaposhika picha ya aina hii.

Funzo kutoka kwa Wayahudi

Jamii iliyoonyesha vyema faida ya kukusanya picha za aina hii ni Wayahudi. Mnamo 1723, mchongaji wa Kifaransa Bernard Picart na mchapishaji Jean Frederic Bernard walianza kutoa, mjini Amsterdam, kitabu kikubwa kuhusu ibada na desturi za dini za mataifa yote ya dunia. Picart aliishi jirani na Wayahudi wenye asili ya Ureno, na picha zake za ibada zao, ikiwemo karamu ya Pasaka, zina utondoti wa mtu aliyeshuhudia. Lakini alipochora dini za Wahindi na za wenyeji wa Amerika, alitegemea vitabu vya wasafiri. Mkono ulikuwa mmoja na kitabu kilikuwa kimoja, ila ukweli wake ulikuwa wa viwango viwili.

Karne moja baadaye, Moritz Daniel Oppenheim, mchoraji Myahudi wa Frankfurt aliyeishi kati ya 1800 na 1882, alichora maisha ya familia za Kiyahudi kutoka ndani: Sabato, arusi na sikukuu. Nakala za picha hizo zilianza kuuzwa mnamo 1866 na zikaenea katika nyumba nyingi za Wayahudi wenyewe.

Kisha akaja mkusanyaji. Alfred Rubens wa Uingereza alizikusanya picha za Wayahudi kwa miaka mingi, na mnamo 1954 akatoa orodha iliyozieleza moja baada ya nyingine. Baada ya jamii nyingi za Kiyahudi za Ulaya kuangamizwa katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, picha kama hizo zilibaki miongoni mwa mashahidi wachache wa mavazi, masinagogi na mitaa isiyokuwapo tena.

Mambo matatu yanajitokeza hapa: kuna picha ya aliyeona, kuna picha ya aliyesimuliwa, na kuna umuhimu wa orodha. Yote yanaihusu Nyanza.

Picha za Ziwa zilikotoka

Henry Morton Stanley alilizunguka Ziwa kwa mashua yake, Lady Alice, mnamo 1875. Kitabu chake, Through the Dark Continent, kilichapishwa 1878 katika majuzuu mawili yenye michoro mingi ya kuchongwa. Stanley aliwatazama wengi wa wakazi wa ufuo akiwa majini, na mkusanyaji ni sharti alizingatie hilo.

Joseph Thomson, aliyetumwa na Shirika la Kifalme la Jiografia la Uingereza, alifika ufuoni kwa miguu Desemba 1883, baada ya kupitia Kwa Sundu, mahali palipokuja kuitwa Mumias. Kitabu chake, Through Masai Land, kilitoka 1885. Magazeti ya picha ya London, hasa Illustrated London News lililoanzishwa 1842 na The Graphic la 1869, nayo yalichapisha michoro ya eneo hili kadiri Uingereza ilivyozidi kulimezea mate.

Hazina kubwa zaidi ni kitabu cha Harry Johnston, The Uganda Protectorate, kilichotoka 1902 katika majuzuu mawili. Kina picha 506, pamoja na kurasa 48 za rangi alizochora Johnston mwenyewe. Mwaka huo huo, C. W. Hobley, aliyekuwa msimamizi wa serikali ya kikoloni katika eneo hilo, alichapisha utafiti wake kuhusu jamii za mashariki mwa Uganda.

Baada ya reli kufika ufuoni Desemba 1901, kadi za posta zilifuata. Wapigapicha wa Mombasa, Zanzibar na Nairobi waliwauzia wasafiri sura za watu wa Ziwa kwa wingi.

Majina ya kutafuta

Anayetafuta "Kisumu" au "Waluo" katika orodha za wauzaji atakosa mengi. Mji wenyewe uliitwa Port Florence, kwa heshima ya mke wa mhandisi wa reli Ronald Preston. Ghuba ya Winam iliitwa Kavirondo, na kabla ya hapo Ugowe. Neno Kavirondo lilitumiwa pia kwa Waluo na kwa Waluhya bila tofauti, hivyo picha yenye jina hilo haijathibitisha ni ya jamii gani.

Fauka ya hayo, vitabu vingi vya kabla ya 1902 vinaliweka eneo hili Uganda, kwa sababu Kisumu na nyanda za juu zilizo karibu zilikuwa ndani ya himaya hiyo hadi mwaka huo mpaka uliposogezwa. Ndiyo maana hata pendekezo la Uingereza la 1903 la kuwapa Wayahudi makao katika uwanda wa Uasin Gishu, lililokataliwa na kongamano lao 1905, linajulikana hadi leo kama Mpango wa Uganda ilhali ardhi yenyewe iko Kenya.

Picha inasema nini, maelezo yanasema nini

Hatari kubwa zaidi haimo katika picha, bali katika maneno yaliyoandikwa chini yake. Mfano ni chieno, mkia wa nyuzi ambao mwanamke wa Kiluo aliyeolewa aliuvaa kiunoni kwa nyuma. Kwa jamii yake ilikuwa alama ya ndoa na heshima. Wachapishaji wa kadi za posta mara nyingi hawakuiona alama hiyo; waliona uchi tu, wakaandika hivyo, na wakauza hivyo.

Hali kadhalika, pengo la meno sita ya chini, lililokuwa dalili ya kuingia utu uzima, lilichukuliwa kuwa ajabu tu la kutazamwa. Kofia za manyoya na pembe za kiboko zilizovaliwa kwa hafla maalum zilichorwa kana kwamba ndizo nguo za kila siku. Mazishi, ambako ng'ombe hukimbizwa na wanaume hubeba mikuki ili kukifukuza kifo, katika desturi iitwayo tero buru, yangeweza kumpitikia mgeni kuwa ni ngoma ya vita.

Kwa hivyo, mkusanyaji makini hukifanyia kila kipande maswali manne. Nani alichora au kupiga picha? Alikuwapo? Nani aliandika maelezo? Kuna dalili gani ndani ya picha yenyewe, kama vile vazi, nyumba, mtego wa samaki au umbo la mtumbwi, inayothibitisha au kukanusha maelezo hayo?

Kutambua iliyo halisi

Kifaa cha kwanza ni kioo cha kukuzia. Picha iliyochongwa mbaoni huonyesha mistari ya kuchongwa, minene na myembamba, isiyo na vitone. Picha iliyochapwa kwa bamba la shaba au chuma aghalabu huacha alama ya kingo za bamba iliyobonyea karatasini. Picha ya jiwe, yaani litografia, ina chembechembe kama za kalamu ya nta.

Vitone vilivyopangika kwa safu, kama vile vya magazeti ya leo, ni dalili ya mbinu iliyoenea katika miaka ya 1880 na 1890. Kwa hivyo, mchoro unaodaiwa kukatwa kutoka kitabu cha 1878 lakini una vitone hivyo, ni nakala ya baadaye.

Rangi nayo ni mtego. Michoro mingi ya magazeti ilichapwa kwa wino mweusi pekee, na rangi iliyomo ikatiwa miaka mingi baadaye ili kupandisha bei. Si kosa kuinunua, maadamu mnunuzi anajua anachokilipia.

Tena kuna suala la vitabu vinavyoraruliwa. Baadhi ya wauzaji hununua kitabu kizima, wakakata picha moja moja na kuziuza mbalimbali, kwa kuwa jumla yake huzidi bei ya kitabu. Picha iliyokatwa hupoteza ukurasa uliokuwa ukiieleza. Mkusanyaji anayeithamini historia huona heri kitabu kizima chenye jalada bovu kuliko picha kumi safi zisizo na asili. Akinunua iliyokatwa, huandika ilitoka kitabu kipi, toleo gani na ukurasa upi.

Kuhifadhi karibu na Ziwa

Karatasi nyingi za nusu ya pili ya karne ya 19 zilitengenezwa kwa rojo la mbao lenye asidi, na ndiyo sababu hugeuka manjano na kuvunjika. Unyevu wa ufuoni huongeza ukungu na madoa ya kahawia, huku mchwa na wadudu wengine walao karatasi wakisubiri zamu yao.

Picha ziwekwe zimelala, kila moja ndani ya karatasi au kadibodi isiyo na asidi, mbali na ukuta na sakafu, mahali penye hewa ya kutosha. Zisining'inizwe mkabala na dirisha, kwa kuwa jua hufifisha wino na rangi. Zisibandikwe kwa utepe wa gundi. Zaidi ya yote, zisipelekwe kufunikwa kwa plastiki ya moto kama inavyofanyiwa vyeti vya shule, kwani plastiki hiyo haibanduki tena bila kuiharibu karatasi. Maelezo yaandikwe nyuma kwa penseli, kamwe si kwa kalamu ya wino.

Sheria na taasisi

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inavitambua kama vitu vya kale vile vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895, lakini inaviacha nje vitabu na hati. Maana yake ni kwamba kitabu cha 1885 chenye picha za Ziwa hakina kinga hiyo. Ulinzi wake umo mikononi mwa mwenye nacho.

Mfano bora wa Kenya ni Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mnamo 1966. Alikusanya maelfu ya vitabu, vikiwemo vingi vilivyochapishwa kabla ya 1900, pamoja na sanaa, stempu na nyaraka. Sehemu kubwa ya hazina hiyo iko katika Nyaraka za Kitaifa, Nairobi. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, nayo ina vitabu vya zama hizo. Kisumu kwenyewe, makavazi yaliyofunguliwa 1980 yana boma la Kiluo ambalo linaweza kulinganishwa na michoro ya kale.

Majina kabla ya yote

Mnamo 1936, mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alipiga picha nyingi miongoni mwa Waluo. Zilihifadhiwa katika Makavazi ya Pitt Rivers, Oxford. Mnamo 2007, nakala zake zilirejeshwa Nyanza katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kuyakumbuka ya kale, na zikatazamwa na watu wa jamii zilizopigwa picha hizo. Sura zilizokuwa zimeorodheshwa ng'ambo kama mifano ya kabila zilianza kuwa tena baba, nyanya na mjomba wa mtu.

Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi hii. Thamani ya picha sokoni hupanda na kushuka, lakini jina la aliyemo likishapotea halinunuliki. Wanaoweza kulitaja, au angalau kusema kofia ile ilivaliwa siku gani na mtego ule uliitwaje, ni wazee ambao idadi yao inapungua kila mwaka. Mkusanyaji aliye na picha moja tu na penseli, akaketi na mzee mmoja na kuandika anachosimuliwa, pamoja na tarehe na mahali, amefanya zaidi ya aliyejaza kabati kwa picha zisizo na majina.